Ada Imelipwa, Mwanafunzi Yuko Wapi?

Somo kwa kamati za elimu na diakonia za sharika. Isomwe kwanza Matendo ya Mitume 6:1–7.



Somo la robo hii limetoka katika kikao kilichofanyika Igoma, Jumapili baada ya ibada ya pili, ndani ya ofisi ya usharika. Mtunza hazina alifungua faili la mfuko wa elimu akasoma risiti moja baada ya nyingine: ada ya muhula wa kwanza, hosteli, kitambulisho, bima ya afya. Hesabu zilikuwa safi. Alipomaliza, mama mmoja mjumbe, ambaye mchango wake katika mfuko huo hutokana na dagaa anaouza pale sokoni, akanyosha mkono. "Risiti tumeziona, Mungu awabariki. Lakini yule binti nilimwona juzi anachota maji bombani. Chuo kimefungwa, mratibu?"

Chuo hakikuwa kimefungwa.

Binti huyo ana ualbino. Shule ya bweni alikosoma walimu walikwisha kumzoea. Alikaa mbele, mwalimu alisoma kwa sauti kila alichoandika ubaoni, na mitihani yake ilichapwa kwa maandishi makubwa. Akafaulu, akachaguliwa kujiunga na chuo kikuu kimoja nje ya mkoa wetu. Tulimwombea mbele ya madhabahu, kwaya ikaimba, akapanda basi. Huko alikuta ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, ambamo anayechelewa hukaa nyuma, na mhadhiri anayeonyesha kila kitu ukutani kwa projekta. Hakuona kitu. Jaribio la kwanza lilikuja kwa herufi ndogo, na alipofika swali la pili muda ukawa umekwisha. Kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni mwendo wa jua la saa saba mchana. Usiku wenzake wa chumba walinong'ona, na mmoja akaomba kuhamishwa. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemwuliza, "Dada, unaendeleaje?" Kabla ya mitihani ya muhula alifunga begi, akarudi nyumbani, akawaambia wazazi kwamba anaumwa macho.

Tulipokwenda kumtembelea alitueleza kwamba hakujua aende kwa nani. Tuliporudi ofisini tulilitoa faili lake tukasoma barua zote tulizowahi kukiandikia chuo kile. Zote zilikuwa na swali moja tu: namba ya akaunti ya benki.

Tunaliandika hili wazi kwa sababu kosa ni letu, na kwa sababu kilichofuata kilitutia hofu zaidi. Katika kikao kilekile mjumbe mmoja, mzee tunayemheshimu, alishauri kwamba kuanzia sasa watoto wenye ulemavu wasipelekwe chuo kikuu. Wapewe cherehani, fedha zitapotea kidogo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na risiti mkononi na binti yuko bombani, na hesabu hiyo yeyote angeipiga. Lakini tukiipitisha tutakuwa tumewahukumu watoto kwa kosa ambalo si lao.

Kilichowasahaulisha wajane

Kanisa la kwanza pale Yerusalemu lilikuwa na mfuko wake, na wajane walihudumiwa kila siku. Wale wenye asili ya Kiyunani wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Tuangalie Luka anaeleza nini na haelezi nini. Haelezi kwamba mhasibu alikula fedha, wala kwamba chakula kilikuwa haba. Tatizo analotaja ni kwamba huduma ilikuwapo na haikuwafikia watu fulani, watu waliozungumza lugha nyingine na waliokuja kutoka mbali. Mjane wa namna hiyo hana shangazi katika mtaa wa pili wa kumwambia saa ya mgao imebadilika.

Mitume wangeweza kujibu kwamba meza ni moja na kila mtu aje mwenyewe. Vyuo vingi hujibu hivyo: milango iko wazi kwa wote, matangazo yamebandikwa. Mitume hawakujibu hivyo. Walikubali kwamba lalamiko ni la haki, kisha wakaweka watu maalumu wa kazi hiyo. Sasa tusome majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia, ambaye hakuzaliwa Myahudi bali aliongoka. Ni majina ya Kiyunani yote. Waliopewa meza ni watu ambao mjane wa Kiyunani angeweza kuwaendea na kusema nao kwa lugha yake bila kuona haya.

Tena sifa zilizotakiwa hazikuwa ndogo. Walitafutwa watu wenye hekima na wenye Roho, wakaombewa na kuwekewa mikono. Huku kwetu kazi ya meza huwa tunawaachia akina mama wa diakonia huku sisi tukiendelea na ajenda. Hilo nalo tulitafakari tukiwa pale Igoma, na akina mama walicheka kwanza kabla ya wengine.

Nyumba ndani ya chuo

Yapo mahali duniani ambako vyuo vikuu vimefanya kama mitume walivyofanya: vimetenga nyumba, au ukumbi, au vyumba viwili vitatu, kwa ajili ya wanafunzi wa kundi lililo dogo chuoni, na vimeajiri watumishi wa kuwapokea humo. Kule Marekani huitwa vituo vya utamaduni. Jina hilo lisitupotoshe tukadhani ni mahali pa kuchezea ngoma tu.

Watu wa Igoma wana mfano wa karibu. Ukishika barabara ya Musoma, baada ya muda mfupi unafika Kisesa, na hapo kuna njia ya kupanda Bujora. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi yake pale miaka ya 1950, na makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Mtoto wa Kisukuma akiingia anakuta ngoma za watemi na vyombo vya babu yake vimewekwa kwa heshima. Kwa saa moja hiyo yeye ndiye mwenyeji, na wengine wote ni wageni. (Wapo Walutheri wenzetu walionung'unika kwamba Bujora ni mambo ya Wakatoliki. Watoto wetu wa shule ya Jumapili walikwenda, wakarudi na maswali mazuri kuliko yale tunayopata baada ya mahubiri.)

Sasa tuichukue hali hiyo ya kuwa mwenyeji, tuipeleke ndani ya chuo ambacho mwanafunzi ni mgeni kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu.

Mwaka huohuo wa 1968, tarehe 4 Aprili, Dk. Martin Luther King aliuawa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Mei, wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko Evanston jirani na Chicago, waliingia katika ofisi ya mhasibu wa chuo wakakaa humo saa 38. Waliingia pale ada inapolipwa! Madai yao yalihusu ufadhili na masomo ya historia ya watu Weusi, lakini yalikuwamo pia madai mawili yanayotuhusu sisi leo: wapewe mahali pao pa kukutana, na awepo mshauri ambaye wao wenyewe wanamwamini. Chuo kilikaa nao mezani, hakikuita polisi kuwatoa kwa nguvu, na makubaliano yakafikiwa. Nyumba ikapatikana, ikajulikana kama Black House. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Yale nacho kikafungua kituo kama hicho, na vyuo vingine vingi vikafuata, kwa Weusi, kwa Wahindi Wekundu, kwa wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Asia.

Kwa Walutheri mfano ulio karibu zaidi ni Augsburg, chuo kikuu cha Kilutheri mjini Minneapolis kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kinorwei mwaka 1869. Mtaa unaopakana nacho, Cedar-Riverside, umejaa Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki. Kijana aliyezaliwa kambini Dadaab anaweza kuvuka barabara akaingia darasani katika chuo kilichojengwa na wajukuu wa wavuvi wa Norwei. Chuo hicho kina kituo cha wanafunzi wenye asili ya Afrika na watumishi wake.

Kazi ya watumishi hao, ukiitazama kwa siku moja, haina fahari. Asubuhi ni karatasi: fomu ya mkopo iliyokataliwa, barua kwa mhadhiri kuomba muda wa ziada, simu kwa mwenye nyumba. Mchana mlango uko wazi na birika liko jikoni, na mwanafunzi ambaye hana shida yoyote anaingia kukaa tu. Hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe. Mtumishi mwenye uzoefu hamsubiri mwanafunzi aje na tatizo, kwa maana mwenye tatizo kubwa haji. Anaangalia nani alizoea kuja Jumanne na sasa wiki mbili hajaonekana, nani ameacha kula na wenzake, nani anacheka kupita kiasi. Kisha anakwenda kugonga mlango wa chumba chake. Angalikuwapo mtu mmoja wa namna hii kule alikokwenda binti yetu, habari za macho zingejulikana wiki ya pili.

Kwetu sisi wachache ni akina nani?

Mtu anaweza kuuliza kama tunataka nyumba ya Wasukuma chuoni, nyingine ya Wahaya na nyingine ya Wachaga. Hapana. Taifa letu lilichagua tangu mapema kuwachanganya vijana katika shule za bweni na vyuo bila kuuliza kabila, na amani tunayoila leo imetokana kwa sehemu na uamuzi ule. Wachache wa kwetu wako namna nyingine: wasichana katika madarasa ya uhandisi na sayansi, wasioona, viziwi, wenye ualbino, watoto wa wafugaji, na vijana wa visiwani waliosoma sekondari isiyo na maabara.

Nchi yetu imewahi kujifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1974 TANU ilikutana Musoma, mwisho wa barabara hii hii inayopita Igoma, ikaazimia kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu afanye kwanza kazi kwa muda baada ya shule. Azimio lilikuwa na nia njema, na lilikuwa sawa kwa wote. Lakini baada ya muda ikaonekana idadi ya wanawake wanaoingia chuo kikuu imeshuka, kwa kuwa katika miaka ile ya kusubiri wengi waliolewa na kuanza kulea. Serikali ikalegeza sharti kwa wanawake. Kanuni inaweza kuwa sawa kwa wote na bado ikamfungia mlango mtu mmoja.

Wenzetu wa Makerere walianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kudahiliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda kwa njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi: wasichana waliokosa alama kidogo katika sayansi waliitwa chuoni kabla ya wakati, wakafundishwa kwa wiki kadhaa, wakapimwa upya, na waliofaulu wakaingia. Alipoanza mwaka wa kwanza msichana huyo alikwisha kumjua mwalimu, alijua maktaba iko wapi, na alikuwa na wenzake aliosoma nao. Tunadhani hayo yalimsaidia sawa na hesabu alizofundishwa.

Kwa upande wa wenye ulemavu, chuo hicho cha Dar es Salaam kimekuwa na kitengo chenye vifaa vya nukta nundu na watumishi wa kuwasaidia wasioona. Kanisa letu nalo halikulala. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilianzisha chuo kikuu Magamba, Lushoto, mwaka 2007, kikaitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawa moja ya masomo yake ya kwanza. Wengi waliofundishwa huko ndio walimu wanaowapokea watoto wenye ulemavu mashuleni. Na sheria ipo: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitaka taasisi ziwahudumie. Mwanafunzi wetu alikuwa na haki ya kupewa karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa na muda wa ziada. Ila haki hiyo ilihitaji mtu wa kuisema katika ofisi inayohusika, kabla ya wiki ya mtihani.

Kwa yule mzee wa cherehani tulijibu kwa majina. Dk. Elly Macha, asiyeona, alisoma hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kisha akawa mbunge kuanzia 2015 hadi alipofariki mwaka 2017. Dk. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alisoma sheria, akafundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri Desemba 2015 na baadaye balozi wetu Ujerumani. Mzee alisikiliza, akasema, "Hao ni wawili." Ni kweli, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tukamjibu kwamba ndiyo maana tumekaa hapa.

Pia tulimkumbusha jambo ambalo hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa anayependa kukumbushwa. Mwaka 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika mikoa yetu, watoto walikusanywa wakalindwa katika shule kama Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga. Makanisa yalipeleka unga, mablanketi na kofia. Watoto wale sasa ni watu wazima, na wadogo zao wanamaliza kidato cha sita. Tuliwaombea waishi. Wameishi, na sasa wanaleta fomu za chuo katika ofisi zetu.

Mzigo wa mpokeaji

Tungependa wafadhili wetu wasome sehemu hii kwa makini, maana ndipo miradi mingi inapovunjika.

Katika vyuo vingi kazi ya kuwapokea wachache haina mtu wake. Inamwangukia yeyote anayefanana nao. Mhadhiri wa kike aliye peke yake katika idara ya uhandisi anakuwa mama wa kila msichana wa uhandisi. Mtumishi mwenye ulemavu anaitwa katika kila kamati ya ulemavu, anapokea kila mzazi, na bado anatakiwa kufundisha vipindi sawa na wenzake na kuandika makala ili apandishwe cheo. Mwaka 1994 mwanazuoni mmoja wa Marekani, Amado Padilla, aliita hali hii kodi ya kitamaduni: kodi anayotozwa mtu kwa sababu tu ni mmoja wa wachache. Haimo katika mkataba wake na haionekani wakati wa kupandishwa daraja. Tumekutana na watumishi wa namna hiyo katika vyuo tulivyotembelea. Mama mmoja alitupokea akiwa na wanafunzi wanne wamesimama mlangoni, sufuria la wali kwenye jiko la umeme lililowekwa juu ya kabati la mafaili, na rundo la mitihani ambayo haijasahihishwa. Tulipomwuliza nani anamsaidia alidhani tunatania.

Kwa hiyo tukisema chuo fulani kina mtu wa kuwapokea vijana wetu, tuulize tena mtu huyo anasimama juu ya nini. Akihama au akiugua kazi inakufa siku hiyohiyo. Hata nyumba zenye bajeti kubwa hazina uhakika. Kule Marekani, jimbo la Texas lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2024, na jimbo la Utah likafuata na yake iliyoanza Julai 2024. Kutokana na sheria hizo Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kilifunga kituo cha wanafunzi wa makabila mbalimbali, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga kituo chake cha utamaduni wa Weusi, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka sita. Waliotunga sheria hizo walisema ofisi za namna hiyo zinawagawa wanafunzi. Hoja hiyo tusiipuuze, kwa kuwa nasi kwetu tunaogopa mgawanyiko. Ila anayesema meza moja inatosha kwa wote inambidi akajibu lalamiko la wajane wa Kiyunani.

Nasi kwa miradi yetu: mfadhili anatoa fedha kwa miaka mitatu, tunanunua mashine ya nukta nundu, tunapiga picha, ripoti inakwenda. Mwaka wa nne mashine imefunikwa kitambaa kwa sababu aliyeijua hakuwa na mshahara. Ndugu wafadhili, tunawaomba kwa upendo mtuvumilie tunapoomba fedha ya mtu badala ya fedha ya kitu. Mtu hapigwi picha vizuri kama mashine, tunajua.

Tuliyoanza kuyafanya

Baada ya kikao kile mambo machache yamebadilika, mengine kwa kusuasua. Kabla mwanafunzi hajaondoka tunamwandikia Mshauri wa Wanafunzi wa chuo husika barua yenye maelezo ya daktari wa macho au wa masikio, na tunasubiri jibu lenye jina la mtu. Jibu likichelewa tunapiga simu. Pia tunamwuliza mwanafunzi mwenyewe kama anataka habari zake zitangulie. Wapo wasiotaka, nasi tunawaheshimu. Katika begi huwekwa kofia pana, losheni ya kujikinga na jua (ile inayotengenezwa KCMC Moshi, Kilisun, ni nzuri kwa ngozi zao), na kidarubini kidogo cha mkononi cha kusomea ubao. Kidarubini hicho ni kitu kidogo sana ukikilinganisha na ada ya mwaka, na hatukuwahi kukiweka kwenye bajeti hata mara moja.

Tumewaendea pia wachungaji wa wanafunzi na viongozi wa ushirika wa Kikristo vyuoni. Tulichogundua ni kwamba vijana wa ushirika wana moyo, lakini mwanafunzi aliyejificha chumbani haendi kwenye maombi ya usiku, na wao humtafuta yule anayekuja. Tunawaomba wabadili hilo. Na wakumbuke kwamba anayekaa peke yake chumba cha pili anaweza kuwa Mwislamu, naye ni jirani vilevile.

Jambo gumu ni fedha. Tumependekeza kwamba sehemu ndogo ya mfuko wa elimu wa kila usharika itengwe kwa ajili ya kumtembelea mwanafunzi chuoni mara moja kila mwaka, na kumsaidia mtumishi anayempokea, iwe kwa nauli, kwa muda wa simu au kwa wino wa kuchapia maandishi makubwa. Hesabu yake inauma. Katika sharika kadhaa maana yake ni kwamba mwanafunzi mmoja aliye kwenye orodha atasubiri hadi mwaka unaofuata. Kamati ya Igoma imelijadili mara mbili bila kupiga kura. Yule mama wa dagaa anaunga mkono. Mtunza hazina anapinga, na hoja yake ina uzito: anayesubiri naye ana jina, na mama yake anakaa benchi la tatu kila Jumapili. Sisi katika ofisi ya miradi tunaona mwanafunzi mmoja anayemaliza ni heri kuliko wawili wanaorudi, lakini hatukupeleka agizo. Mtaamua ninyi, mkiwa na orodha mezani.

Kwa ajili ya majadiliano, kamati zisome tena sura ile ya Matendo kisha zijiulize: katika usharika wetu ni wajane gani ambao fedha ipo na bado haiwafikii? Kati ya wanafunzi tuliowalipia miaka mitano iliyopita, nani alirudi kabla ya kumaliza, na ni nani kati yetu aliyemwuliza sababu? Je, tunamfahamu kwa jina mtumishi hata mmoja wa chuo kinachosomesha mtoto wetu, tukimwacha mhasibu? Chuo kikiwa hapa hapa Mwanza, kama Mtakatifu Augustino kule Malimbe, kamati inaweza kwenda kwa daladala na kurudi kabla ya jioni.

Kuhusu binti yetu, ameomba kuanza upya mwaka wa masomo ujao, safari hii katika chuo kingine, na sharti alilotupa ni kwamba afike siku tatu kabla ya wenzake akazione kumbi zikiwa tupu. Mjumbe wa kumsindikiza amekwisha kupatikana. Ni yule mzee wa cherehani. Aliomba mwenyewe, akasema anataka kuiona hiyo projekta.

Fomu mpya za mfuko wa elimu zitatumwa kwa sharika zote pamoja na toleo hili. Juu ya mstari wa namba ya akaunti ya benki tumeongeza mstari mwingine: jina, cheo na simu ya mtumishi wa chuo atakayempokea mwanafunzi. Fomu itakayokuja ikiwa na mstari huo mtupu itarudishwa usharikani, hata kama mihuri yote imegongwa.